Si Kila Kizuizi ni Marufuku

Bismillahir Rahmanir Rahim. Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Juma hili tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya haki za jirani. Tukiwa katika kuandika, jirani mwenyewe akabisha hodi, na alichotuletea kimetufanya tuiweke kando makala ile kwa muda, ingawa mwenye kutafakari ataona kuwa mada haikubadilika sana.

Jirani yetu huyu ni mama mtu mzima, mjane, aliyerithi shamba upande wa Mto Tana. Alikuja na mfuko wa hati za mirathi ili tumsaidie kuzipanga. Miongoni mwa hati hizo ilikuwamo barua ya Kiingereza ya miaka miwili iliyopita. Alituambia tuitupe, kwa kuwa haina faida tena. Ilikuwa ni jibu alilopewa alipouliza kama anaweza kuleta miche ya mitende kutoka Omani, ambako kaka yake ameishi miaka mingi. Kaka alikwisha kutoa arbuni kwa mwenye kitalu. Barua ilipofika, alimpa mtoto wa ndugu yake aisome. Kijana akatazama ukurasa wa kwanza, akakutana na neno “restricted”, akasema: “Shangazi, wamekataza.” Basi. Mama akampigia kaka yake simu, miche ikaachwa, arbuni ikapotea, na shamba likabaki magugu.

Tulivaa miwani yetu tukaisoma barua polepole. Ukurasa wa pili, ambao hakuna aliyeufunua, ulikuwa na orodha ya masharti: aombe kibali cha kuingiza mimea kabla miche haijasafirishwa, miche iandamane na cheti cha afya ya mimea kutoka kule itokako, na ikaguliwe ifikapo bandarini. Tulipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: “Kumbe ilikuwa ni ruhusa, sheikh wangu?” Tukamjibu: “Ilikuwa ni ruhusa yenye masharti, dadangu.”

Hatumlaumu kijana. Kiingereza cha biashara kina maneno mengi ya kuzuia, na Kiswahili chetu cha barazani huyakusanya yote katika neno moja: wamekataza. Nasi hatukusoma Kiingereza chuoni. Tulikianza ukubwani, kwa kamusi na kwa kuwauliza walimu wa skuli bila ya kuona haya. Hayo machache tuliyoyapata tunayatoa leo, kwa sababu watu wetu ni watu wa bandari, na tangu zamani riziki yao imepita katika mikono ya mwenye kuzuia na mwenye kuruhusu.

Tuanze na neno lile lile lililomponza jirani yetu. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina jedwali la bidhaa zisizoingizwa ovyo, nalo limegawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya vitu vilivyo “prohibited”, yaani vilivyopigwa marufuku. Humo mna fedha bandia, bidhaa ghushi za kila namna, na sabuni na vipodozi vyenye zebaki. Hivi havina mlango. Sehemu ya pili ni ya vitu vilivyo “restricted”, yaani vilivyodhibitiwa. Humo mna silaha na risasi, mitego ya wanyama, na madini ya thamani yasiyofuliwa. Hivi vina mlango, lakini mlango una bawabu, na bawabu anataka karatasi.

Waliosoma fiqhi wataelewa upesi. Sala ina sharti la udhu, wala hatujamsikia mtu akisema kuwa sala imekatazwa kwa kuwa ina sharti. Husema: nenda katawadhe, kisha uje. Vivyo hivyo, mwenye kuambiwa “restricted” ameambiwa akatawadhe. Asirudi nyumbani.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mnamo Machi 2021 wakuu wa kilimo wa Kenya walisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania, wakasema yamepatikana na sumukuvu kupita kiasi. Malori yakasimama mipakani. Haikupita wiki, amri ikageuka: mahindi yaingie, ila mwingizaji ajisajili, na kila shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu yake haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Siku ya kwanza lilikuwa katazo, na baada ya siku chache likawa sharti. Mfanyabiashara aliyesikia habari ya kwanza asisikie ya pili alipata hasara ya kujitakia.

Neno la pili ni “tariff”, nalo lina nasaba inayotupendeza sana. Asili yake ni Kiarabu, taarifa, kutoka mzizi wa kujulisha. Wafanyabiashara wa bahari ya Kati walilichukua, Wataliano wakalisema kwa ulimi wao, kisha likafika kwa Waingereza likiwa na maana ya orodha ya bei na malipo ya forodhani. Dada yake alikuja pwani kwetu, naye ndiye “taarifa” tunayoitumia kila siku, pamoja na jamaa zake arifu na maarifa. Kwa hiyo Mwingereza akisema “tariff” na Mswahili akisema “taarifa”, wote wawili wameteka maji katika kisima kimoja.

Maana yake ya leo kwetu ni ushuru, na neno hili nalo lina siri yake. Ushuru kwa Kiarabu ni fungu moja la kumi. Katika zama za Sayyidna Umar (R.A.), ilipobainika kuwa wafanyabiashara wa Kiislamu hutozwa moja ya kumi waingiapo nchi za wengine, aliamrisha wafanyabiashara wa nchi hizo nao watozwe hivyo hivyo waingiapo kwake. Leo jambo hilo lingeitwa ushuru wa kulipizana. Tulikumbuka hayo Aprili 2025, Marekani ilipotangaza ushuru mpya kwa bidhaa za nchi nyingi duniani, na fungu la Kenya likawa asilimia 10. Ilikuwa ni ushuru kwa maana ya neno na kwa hesabu yake.

Kijana mmoja wa kiwanda cha nguo alituuliza wakati ule kama ni kweli Marekani imekataza nguo za Kenya. La. Ushuru haukatazi. Mlango uko wazi, kilichoongezeka ni kiingilio. Hata hivyo tusiufanye mdogo, kwa kuwa kiingilio kikipanda sana, mnunuzi huenda kwa mwingine, na kibarua wa kiwandani akapoteza kazi yake ingawa hakuna aliyetamka neno la kukataza.

Ndugu wa karibu wa ushuru ni “quota”, yaani mgao. Hapa kinachowekewa mpaka ni kiasi. Kwa miaka mingi Kenya ilikubaliwa na nchi wenzake wa COMESA kuweka kikomo cha sukari inayoingia kutoka kwao bila ushuru, ili wakulima wa miwa wapate kujiimarisha. Mwenye kuja ndani ya mgao alipita kwa wepesi, na mwenye kuja umekwisha alilipa au alirudi. Kwa hiyo akiambiwa mtu kwamba mgao umejaa, asidhani bidhaa yake imeharamishwa. Amechelewa safuni, na safu nyingine itapangwa.

Sasa tufikie neno zito, “embargo”. Waingereza walilitwaa kwa Wahispania, ambao kwao lina maana ya kuzuia na kushikilia. Hapo zamani lilitumika mtawala alipoamuru merikebu zisitoke bandarini. Leo ni amri ya dola ya kukata biashara na nchi fulani, ama biashara yote, ama ya kitu maalumu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta zilikata kuiuzia Marekani na baadhi ya nchi nyingine kwa sababu ya kuiunga mkono Israili vitani, na Marekani haikufunguliwa mpaka Machi 1974. Kwa jirani zetu wa Somalia, Umoja wa Mataifa ulizuia silaha kuanzia mwaka 1992, na zuio hilo likaondolewa kwa serikali yao Desemba 2023. Angalia vizuri: lilikuwa ni zuio la silaha, wala halikuwa la ndizi na mbuzi. Ni wajibu wa mwenye kufasiri kuuliza limezuiwa nini, kabla hajawatia hofu wenye majahazi.

Katika sira ya Mtume wetu (S.A.W.) limo tukio linalolingana na neno hili. Thumama bin Uthal alikuwa mkubwa wa watu wa Yamama, na nafaka ya Makka ilitegemea Yamama. Aliposilimu na kwenda Makka kufanya umra, Makuraishi walimkabili kwa ukali. Akaapa kuwa haitawafikia hata punje moja ya ngano mpaka Mtume atoe idhini. Njaa ilipowabana, Makuraishi walimwandikia Mtume wakimkumbusha undugu wa damu. Nao walikuwa ni wale wale waliomtoa mjini kwake. Mtume akaagiza nafaka iachwe iende. Wanaotunga amri za kuzuia chakula na dawa katika zama zetu wangelisoma tukio hili, huenda wangeliona haya.

Wengi huchanganya “embargo” na “blockade”. Mwenye kutoa “embargo” hufunga mlango wake mwenyewe na kusema: siuzi, wala sinunui. Mwenye “blockade” huenda kukaa kwenye mlango wa mwenzake, kwa manowari na askari, akamzuia yeye na kila mwenye kumwendea. Kwa Kiswahili tungesema mzingiro. Pwani yetu yaufahamu. Mwishoni mwa 1888, Abushiri na wenzake walipokuwa wamesimama kuwapinga Wajerumani katika mrima, manowari za Ujerumani na za Uingereza zilizingira mwambao huu. Ilitangazwa kuwa makusudio ni kuzuia watumwa wasitolewe na silaha zisiingizwe. Vyombo vya wenyeji vikawa havisafiri ila kwa kusimamishwa na kupekuliwa. Mzingiro ni tendo la kivita, na mwenye kuuita “kizuizi cha biashara” tu ameupunguzia uzito wake.

Neno la tano lina nyuso mbili, nalo ni “sanction”. Asili yake ni Kilatini, yenye maana ya kukipa kitu heshima ya sheria. Kutokana na hapo likazaa maana mbili zinazopingana: kuidhinisha jambo, na kuadhibu mwenye kuvunja sheria. Ukisoma kwamba mkuu ame-“sanction” safari, ujue ameiruhusu. Ukisoma kwamba nchi imewekewa “sanctions”, kwa wingi, ujue imeadhibiwa, na hapo tunasema vikwazo. Desemba 1966 Baraza la Usalama liliiwekea Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, vikwazo vya lazima vya uchumi, kwa kuwa walowezi wachache waliipora nchi. Vikwazo ni mti wenye matawi: yaweza kuwamo humo zuio la bidhaa, kufungiwa fedha za benki, na kunyimwa safari wakubwa waliotajwa kwa majina. Basi tusiseme nchi nzima imefungiwa, hali waliofungiwa ni watu kumi.

Limebakia neno moja, nalo tumeliweka mwisho kwa kuwa ndani yake mna kosa letu wenyewe. Neno hilo ni “boycott”. Hili halikutoka katika kitabu cha sheria. Lilikuwa ni jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa ardhi ya bwana mkubwa mmoja katika jimbo la Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliomba wapunguziwe kodi za mashamba. Mambo yalipoharibika, watu hawakumpiga wala hawakumchomea nyumba. Walimwacha peke yake. Vibarua wakaondoka shambani kwake, wenye maduka wakakataa kumuuzia, na kabla mwaka haujaisha amekwisha kuondoka Ireland. Jina lake likabaki katika magazeti, na sasa limo katika lugha nyingi za dunia.

Kiswahili kina neno lake zuri: kususia. Na la kulishika hapa ni hili: ushuru, mgao, zuio na vikwazo vyote hutoka kwa wenye mamlaka, lakini kususia hutoka kwa watu. Hakuna polisi wala bawabu. Ni hiari ya mnunuzi. Wala neno lenyewe halisemi kama mwenye kususia ana haki au hana. Makuraishi waliwasusia Bani Hashim kwa muda wa miaka mitatu katika bonde la Abu Talib. Waliandikiana hati kuwa wasiwauzie, wasinunue kwao, wala wasioane nao, nayo wakaitundika katika Al-Kaaba. Huko nako kulikuwa kususia, na kulikuwa dhulma.

Miaka kadhaa nyuma, katika darsa zetu za baada ya Magharibi, tuliwahimiza watu wakisusie kinywaji fulani, kwa sababu tuliyoiona kuwa ni ya haki, na mpaka leo twaiona hivyo. Lakini siku ile ulimi ulitutangulia. Tulianza na “tukisusie”, tukapanda na “ni aibu kukinywa”, na kabla ya adhana ya Isha tulikuwa tumeshatamka “haramu”. Hatukuwa na dalili ya neno hilo. Lilitokea tu kwa kuwa lilikuwa zito na tulitaka uzito.

Mtaani palikuwa na mwenye duka mdogo, aliyekuwa amekwisha kulipia shehena yake ya mwezi. Asubuhi ya pili watoto walitumwa kwake wakaambiwa wasichukue chenji, pesa zake ni haramu. Watu waliacha kununua soda, kisha wakaacha mkate, kisha salamu. Usiku wa tatu alitungoja nje ya msikiti. Hakupaza sauti. Alituuliza neno moja: “Sheikh, nilichokiuza ni nguruwe?”

Hatukuwa na jibu. Darsa iliyofuata tulisimama mbele ya watu wale wale tukasema kuwa tumekosa, kwamba kinywaji kile asili yake ni halali, na kwamba kukiacha ni hiari njema lakini kukiuza si dhambi ya kumvunjia mtu heshima yake. Tukaenda dukani kwake tukanunua mkate mbele ya macho ya watu. Wapo waliorudi. Wapo ambao hawakurudi mpaka alipolifunga duka lile. Kosa tulilisema kwa dakika moja, na kulirekebisha kumetushinda hata leo.

Ndiyo maana tunasema kufasiri ni amana. Kijana alichukua ruhusa yenye masharti akaifanya katazo, na mama akapoteza arbuni na miaka miwili. Sisi tulichukua hiari ya watu tukaifanya haramu, na mtu akapoteza duka. Yeye alikuwa na udhuru wa ujana. Sisi tulikuwa na kilemba.

Kwa hivyo tunakuombeni, wasomaji wetu, litakapowafikia neno lolote la kuzuia, liwe limetoka bandarini, redioni au mimbarini, mliulize maswali matatu kabla hamjalipitisha kwa mwingine. Nani amezuia: ni Mola, ni dola, au ni watu kwa hiari yao? Amezuia nini hasa: kila kitu, kitu kimoja, au kiasi kilichozidi? Na je, pana njia ya kupita: kibali, ushuru, au muda wa kungoja? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na mara nyingi jibu lake huwa katika ukurasa wa pili. Na ikiwa katika nyumba yenu yuko anayesoma Kiingereza, mfundisheni kuifunua karatasi mpaka mwisho kabla ya kumwambia mzee wake “wamekataza”.

Ama jirani yetu, tulimwandikia ombi la kibali juzi. Kaka yake amesema kitalu kile kingalipo, ila miche imepanda bei. Mama alicheka, akasema bei ni jambo la kuzungumzwa, mradi mlango uko wazi. Kijana yule yule ndiye aliyeipeleka barua posta, na tulimwona akiisoma upya njiani, ukurasa wa kwanza na wa pili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu, atubariki katika riziki za halali, na awafungulie milango wote waliofungiwa kwa dhulma. Amin. Wabillahi tawfiq.